Ukuta Ulipogeuka Gizani

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi ya maigizo, huniuliza nimeigiza nini. Nikiwajibu kwamba siigizi, macho yao hupoa kidogo. Mimi ni meneja wa jukwaa. Nakaa pembeni, nyuma ya kitambaa cheusi, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuniona hata akiinuka kwenye kiti. Taa ikiwaka, mlango ukigongwa, mvua ikianza kunyesha ndani ya spika, ni kwa sababu nimesema iwe hivyo. Naifanya kazi hii vizuri, na sioni haya kulisema hilo. Lakini niliielewa kwa siku mbili tu, Alhamisi na Jumamosi ya wiki moja, katika ukumbi wa zamani wa ghorofa ya pili pale Mchafukoge.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilijiunga na kikundi ili niigize, kama kila mtu, ila sauti ikaniangusha. Nilikulia Mchikichini, nyuma ya rundo la makoti ya mitumba. Mama ndiye aliyekuwa akinadi, mimi nilikuwa nakunja. Mtu anayekunja hahitaji sauti. Mwongozaji wetu, ambaye siku za shule alikuwa akifundisha sekondari na sote tulimwita Mwalimu, alinisikiliza nikisoma mistari mitatu, akatabasamu kwa huruma, kisha akanikabidhi daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Mwandiko wako mzuri," akasema. "Shika hili."

Nililia siku ile, nikiwa chooni, ili wenzangu wasinione. Kesho yake nikaanza kazi. Upande wa kulia wa kila ukurasa nilibandika maneno ya mchezo. Upande wa kushoto niliandika kila kitakachobadilika: taa gani inazimwa, baada ya neno gani, nani anaingia kutoka wapi, ameshika nini. Niliandika kwa penseli, maana Mwalimu alibadili mawazo kila siku, na siku nyingine mara mbili kabla ya chai.

Mchezo ulihusu ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao, jirani tu, Kariakoo. Mwalimu alitaka watazamaji waione nyumba hiyo kwa ndani, halafu ghafla waione kwa nje, upande wa barabarani. Fundi seremala wa Keko akatutengenezea ukuta mmoja wenye nyuso mbili. Uso mmoja ulikuwa sebule, na dirisha na saa ya ukutani. Uso wa pili ulikuwa fremu za maduka zilizofungwa kwa mabati. Chini aliuwekea magurudumu sita ya chuma. Taa zikizimwa, ukuta unageuzwa. Taa zikiwaka, tuko barabarani.

"Giza lisizidi pumzi tano," Mwalimu alionya. "Likizidi, watu watatoa simu."

Ukuta ulikuja kwa guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, ukapandishwa ngazi na makuli wanne waliotoka sokoni. Ngazi zile ni nyembamba, zina kona mbili kali, nami nilisimama juu nikiamini kwamba tutaukata vipande. Makuli wale waliulaza, wakauinamisha, wakauzungusha, huku wakipokezana maneno: "Inua! Laza! Kwako, kwako! Haya, pumua!" Ukafika juu bila mkwaruzo. Kiongozi wao alikuwa mtu wa Lindi, mwenye mvi chache na shingo nene, mpole wa maneno. Nilimwita Mjomba kuanzia siku hiyo, na hadi leo namwita hivyo.

Kuugeuza ukuta jukwaani ilikuwa kazi ya vijana wanne wa kikundi. Walijaribu. Ukuta ukayumba, ukagoma, ukaenda upande usiotakiwa, saa ikadondoka. Mjomba, aliyekuwa mlangoni akijifuta jasho, akashindwa kuzuia kicheko.

"Mnasukuma kwa mikono," akasema. "Mzigo unasukumwa kwa miguu. Mikono ni ya kuuonyesha njia tu."

Akawaita wenzake watatu. Wakashika pembe nne, wakapiga hatua, na ukuta ukageuka taratibu kama mtu anayejigeuza usingizini. Mwalimu hakuuliza mara mbili. Aliwaomba wabaki nasi mpaka maonyesho yaishe, nao wakakubali. Nadhani walikuwa na hamu ya kujua ndugu wale wataishia wapi na ile nyumba.

Tatizo likawa moja. Makuli hufanya kazi kwa kelele. Sauti ndiyo inayowaambia mwenzao yuko wapi na mzigo umeegemea wapi. Jukwaani, gizani, hairuhusiwi hata kukohoa. Walipoambiwa wanyamaze waligongana, mmoja akakanyagwa kidole. Mjomba akakaa chini akawaza. Kisha akafungua kamba ya katani aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaipitisha katika mikono ya wote wanne.

"Nikivuta mara moja, tunaenda," akawaambia. "Nikivuta mara mbili, tunasimama. Kelele zote ziko humu."

Akanigeukia. "Na mimi nani ataniambia?"

"Mimi," nikasema. Ilibidi nirudie, kwa sababu hakunisikia.

Alhamisi ikafika, siku ya mazoezi ya ufundi. Wasioijua kazi yetu hudhani mazoezi yote ni ya waigizaji. Haya si yao. Ni ya taa, sauti, mavazi na ukuta. Hatuchezi mchezo wote. Tunaruka kutoka badiliko moja hadi jingine, na kila badiliko tunalirudia mpaka likae. Mwigizaji anasema nusu mstari, anasimamishwa, anasubiri fundi taa arekebishe, anaambiwa arudie. Ni siku ndefu na kavu. Na siku hiyo anayeongoza ukumbi si mwongozaji. Ni aliyeshika daftari.

Tulianza saa tatu asubuhi. Nilikaa pembeni mwa jukwaa, Mjomba akiwa hatua mbili kutoka kwangu. Sikioni nilikuwa na redio ya kuongea na fundi taa aliyekaa nyuma ya ukumbi. Huyu alizoea kuwasha taa za harusi, na kila nikimwachia nafasi alitaka kutia rangi ya waridi. Chini yetu, barabarani, muuza vyombo vya plastiki alikuwa ameweka spika inayorudia sauti yake mwenyewe: "Beseni, ndoo, jagi! Ingia uchague, dada! Beseni, ndoo, jagi!" Kufika mchana sote tulikuwa tumeikariri.

Mwigizaji wetu mkuu alikuwa Mzee. Alicheza nafasi ya kaka mkubwa. Alianza zamani katika michezo ya redio, na hata wauza kahawa wa mitaa ile walimtambua kwa sauti kabla hawajageuka kumwona. Alikuwa rika la babu yangu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye aliitika marahaba huku akiangalia kwingine. Hakuwa na ubaya. Ni kwamba katika maisha yake marefu ya sanaa, mshika daftari alikuwa mtu wa kumletea maji.

Sasa mtu kama huyo utamsimamishaje katikati ya sentensi?

"Samahani, Mzee," nilisema mara ya kwanza. "Naomba kidogo tu, kama hutojali, turudie pale..."

Akaendelea. Hakunisikia, au alinisikia akanipuuza, sijui. Beseni, ndoo, jagi. Akafika mwisho wa maelezo yake, na taa ambayo ingewaka katikati haikuwaka. Mwalimu akapiga makofi kutoka kwenye viti: "Simameni! Tunarudia!" Ikawa hivyo asubuhi nzima. Mimi naomba samahani, Mwalimu anapiga makofi. Mara ya sita nikaona hata fundi taa ameacha kuniuliza, anamwangalia Mwalimu moja kwa moja. Nilijihisi kama karani aliyevalishwa sare ya polisi.

Wakati wa chai nilikaa peke yangu kwenye ngazi. Mjomba akaja na kikombe chake, akaketi ngazi ya chini yangu.

"Binti," akasema, "umewahi kunisikia sokoni nikiwa na gunia kichwani?"

"Ndiyo."

"Nasemaje?"

"Unasema pisha."

"Basi. Sisemi samahani mama, naomba kama hutojali usogee. Nikimaliza maneno hayo nitakuwa nimeshamkanyaga. Nasema pisha. Na hakuna anayenuna, hata awe nani, maana anajua neno hilo ni kwa ajili ya mgongo wake."

"Lakini yule ni Mzee, Mjomba."

"Ndiyo maana," akajibu. "Yeye ndiye tusiyetaka aanguke."

Akamaliza chai yake, akasuuza kikombe, akaondoka. Nilibaki pale nikilisema neno langu polepole peke yangu. Si pisha. Simama. Mara ya kwanza lilitoka kama swali. Mara ya nne lilitoka kama neno.

Baada ya chai tukaingia kwenye badiliko kubwa, lile la ukuta. Mzee anasema, "Nyumba hii haiuzwi." Taa zinazimwa. Mzee anahesabu moyoni hadi tano, ukuta unageuka, ndipo anatembea hadi kwenye kiti kilichoko upande wa barabara. Tulikubaliana hivyo, na kwenye daftari nilikuwa nimepigia mstari: *Mzee anasubiri.*

Akasema maneno yake. "Taa, zima," nikasema redioni. Giza likaingia, giza la kweli, kwa sababu madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa maboksi. "Twende," nikamwambia Mjomba. Kamba ikavutwa, magurudumu yakaanza kulia juu ya mbao.

Kisha nikasikia fimbo.

Mzee alitembea na fimbo katika mchezo, na mlio wake niliujua kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Ko, ko. Ilikuwa inatoka mahali ambapo haikutakiwa kuwa. Alikuwa amechoka kusubiri, au alikuwa ameamua kwamba hesabu ya tano ni ya wanafunzi. Alikuwa akivuka mbele ya ukuta.

"Simama!"

Sikuijua sauti ile. Ilijaa ukumbini, ikarudi kutoka kwenye ukuta wa nyuma. Kamba ikavutwa mara mbili. Magurudumu yakanyamaza, fimbo ikanyamaza, na naapa hata muuza plastiki chini alinyamaza, ingawa hilo labda ni kumbukumbu zangu tu. "Taa," nikasema. Zikawaka.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya jukwaa. Pembe ya ukuta ilikuwa kando ya bega lake, karibu kiasi kwamba mkono wangu usingepita katikati. Mjomba na wenzake walikuwa wameuegemea kwa nguvu zote, misuli ya shingo imewatoka, wakiuzuia usiendelee kwa uzito wake. Lakini Mzee hakuutazama ukuta. Alinitazama mimi.

"Wewe," akasema. "Umenipigia kelele mimi?"

Mwalimu aliinuka kwenye kiti chake, kisha akaketi tena.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Ni mimi niliyesema."

"Unajua nimeanza kazi hii mama yako hajazaliwa?"

"Najua, Mzee. Naomba usiondoke hapo mpaka warudishe ukuta nyuma."

Ndipo akageuka. Akaiona pembe ile, na gurudumu la chuma lililokuwa limegusa soli ya kiatu chake. Akaangalia muda mrefu. Makuli wakaurudisha ukuta hatua moja, taratibu, na Mjomba akampa mkono kumsogeza. Mzee akaweka fimbo yake kitini, akatoka nje.

Tulisubiri. Nilidhani kikundi kimekufa na mimi ndiye niliyekiua. Mwalimu alinijia pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umefanya sawa." Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekunja karatasi ya programu mkononi hadi imekuwa kama sigara.

Baada ya muda tukasikia hatua kwenye ngazi. Mzee aliingia akiwa amenawa uso. Akapanda jukwaani, akachukua fimbo, akapita mbele ya Mwalimu kama hamwoni, akaja mpaka kwenye kitambaa changu cheusi.

"Tunaanzia wapi, Meneja?" akaniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilifungua daftari, ingawa ukurasa niliujua kwa moyo.

"Kwenye haiuzwi, Mzee."

"Na nasubiri hadi tano."

"Hadi tano."

Tulirudia mara saba. Mara ya saba ukuta uligeuka ndani ya pumzi nne, kimya kabisa, na fundi taa akasahau redio iko wazi, akasema, "Aisee!"

Jumamosi saa kumi alasiri ukumbi ulijaa. Muuza plastiki alizima spika yake kwa hiari, kwa sharti kwamba apewe kiti cha mbele, na alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi inang'aa. Mama yangu alikuja na wenzake watatu wa Mchikichini. Koti la kijivu alilovaa Mzee lilitoka kwenye rundo lake, yeye mwenyewe alilichagua, na nilimsikia kutoka pembeni akiwanong'oneza wenzake, "Hilo hapo, hilo hapo."

Mchezo ulienda vizuri mpaka kwenye sehemu ya pili. Mzee alikuwa na maelezo marefu pale, kurasa tisa kwenye daftari langu. Katikati yake binti wa nyumba anaingia na barua ya marehemu baba, na barua hiyo ndiyo inayoeleza kila kitu. Mwisho kabisa ndipo yanapokuja maneno ya kugeuza ukuta. Mzee alifika ukurasa wa tatu, akanyamaza kidogo, akainua fimbo, akasema kwa sauti yake ile ya redio:

"Nyumba hii haiuzwi!"

Alikuwa ameruka kurasa sita.

Mambo mengi hutokea ndani ya pumzi moja. Nikasikia fundi taa redioni, "Nazima?" Nikawaona makuli, ambao sasa walijua mchezo kuliko waigizaji, wamekwisha kuweka mabega kwenye ukuta. Mjomba ameshika kamba, ananitazama. Na Mzee, aliyekuwa amejitambua sekunde ile ile, amesimama kama mtu aliyefika mlangoni akakuta hana ufunguo. Tukizima taa, barua haitasomwa kamwe, na watazamaji watatoka bila kujua kwa nini ndugu wale walipatana.

"Subirini," nikasema. Kwa sauti ndogo, ile yangu ya zamani, lakini ilitosha. "Hakuna anayegusa kitu."

Kamba haikuvutwa. Taa hazikuzimwa. Mwigizaji aliyecheza binti alikuwa pembeni yangu, bahasha mkononi, macho yamemtoka.

"Ingia sasa," nikamwambia. "Mwambie, baba mkubwa, kabla hujasema haiuzwi, soma hii."

"Lakini si maneno yangu."

"Ni yako sasa. Ingia."

Akaingia, akayasema vile vile. Na Mzee, Mungu amjalie, akaipokea bahasha ile kama kwamba ndicho alichokuwa akikisubiri tangu mwanzo. Akaifungua polepole. Nilimwona mabega yakishuka. Akaanza kusoma, na kurasa zile sita zikarudi moja baada ya nyingine, nami nikazifuata kwa kidole. Alipofika mwisho alisema maneno yale mara ya pili, safari hii kwa sauti ya chini kabisa, karibu kulia. Yalikuwa mazuri zaidi kuliko tulivyowahi kuyasikia mazoezini.

"Taa, zima. Mjomba, twende."

Ukuta ukageuka. Taa zilipowaka upande wa barabara, watu walipiga makofi kwa ajili ya ukuta wenyewe. Makuli wanne waliokuwa wamejibanza nyuma yake walitazamana gizani, na mmoja akaziba mdomo kwa kiganja asicheke.

Mwisho wa onyesho, Mzee alipita kwangu akiwa amelowa jasho. Hakusema asante. Aliniuliza, "Kesho saa ngapi?" Nikamjibu saa nane. Akasema, "Nitakuwa hapa saa saba," na akawa hapo saa saba. Kuanzia siku hiyo alinitangulia kunijulia hali kabla sijamwamkia, na alipoalikwa kwenye michezo ya vikundi vingine aliuliza kwanza daftari limeshikwa na nani.

Mama alinisubiri chini ya ngazi, amekereka.

"Nimekaa saa mbili natafuta uso wako," akasema. "Hukutokea hata mara moja! Nimewaambia wenzangu mwanangu yumo."

Nikampandisha juu, ukumbi ukiwa mtupu. Nikamkalisha kwenye stuli yangu, nikamvalisha redio, nikamwambia fundi taa amsikilize. "Sema, taa, zima," nikamwambia. Akasema, kwa sauti ya mnada, na jukwaa zima likazama gizani. Alishtuka hadi akanishika mkono. "Sasa sema, washa." Ukumbi ukajaa mwanga. Akaangalia daftari, kurasa zilizojaa penseli yangu.

"Yote haya ni wewe?" akauliza.

"Ni sisi wote, Mama. Ila mimi ndiye ninayesema."

Wiki iliyofuata, wateja wa makoti Mchikichini walikuwa wakiambiwa kwamba binti wa mwenye meza huwasha na kuzima watu.

Mchezo ule tuliurudia baada ya miezi michache, katika ukumbi mkubwa zaidi. Mwalimu aliniachia nitengeneze karatasi ya programu, ile wanayogawiwa watazamaji mlangoni. Ya kwanza ilikuwa na majina ya waigizaji tu. Kwenye hii, chini ya waigizaji, nikaandika: *Wageuza ukuta*, na majina manne kamili, kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Nilimpa Mjomba nakala moja kabla watu hawajaingia. Alisoma kwa kidole, kutoka juu, waigizaji wote, bila haraka, mpaka akajifikia. Akasoma tena.

Kisha akaomba nakala nyingine sita. Akazikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko wa shati uliokuwa juu ya moyo, akafunga kifungo.

"Moja ya mama, iende na basi la kesho," akasema. "Nyingine za watu wa Lindi waliosema nimekuja mjini kubeba magunia tu."

Akavuta kamba kuijaribu, akaenda kusimama kwenye pembe yake. Nami nikabonyeza redio, nikawaambia wafungue milango.